Kaka alinisomesha, ukoo unataka kiwanja changu: je, mimi ni mbinafsi?

Swali: Asalaam alaikum, mwalimu. Nina miaka 31, nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Baba alifariki nikiwa mdogo. Kaka yangu mkubwa aliacha shule, akawa anavusha watu mpakani kwa bodaboda ya baiskeli, na kwa pesa hiyo akanisomesha mpaka diploma. Mwaka jana nilinunua kiwanja Tororo kwa mshahara wangu. Sasa wazee wa ukoo wameamua nikiuze, ili mtoto wa kaka asome chuo na binti wa baba mdogo afanyiwe harusi. Nimekataa. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo wananiita mbinafsi, na baba mdogo ameandika kwamba nafuata falsafa ya makafiri, kwa sababu niliwahi kuwatumia maneno ya Ayn Rand, yule mwandishi wa Marekani anayetetea mtu kujiishia mwenyewe. Wenzangu ninaosoma nao mtandaoni wanasema sina deni kwa mtu yeyote. Je, ndivyo falsafa hiyo inavyosema? Nina haki ya kukataa? Inapatana na Uislamu wangu? Na je, nitoke kwenye kile kikundi?

Jibu: Waalaikum salaam, binti yangu.

Nianze na neno walilokutupia, maana limekuhukumu kabla kesi haijasikilizwa. Nimefundisha falsafa madarasa ya jioni Kampala kwa miaka mingi, na kila tulipofika kwenye falsafa hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa individualism, niliwaomba wanafunzi waitafutie jina la Kiswahili. Jibu lilikuwa moja siku zote: ubinafsi. Likishatamkwa, darasa zima lilikuwa limeshachagua upande. Lugha yetu imelichukua neno nafsi, yaani yule mtu mwenyewe aliye ndani, ikalifanyia jina la tabia mbaya, tabia ya mtu anayefunga mlango akisikia hodi wakati wa chakula. Kwa hiyo mimi husema falsafa ya mtu mmoja mmoja. Jina ni refu, lakini halimtukani mtu.

Wafaransa nao walilihangaikia neno lao, individualisme. Mwandishi wao Alexis de Tocqueville aliandika mwaka 1840 kwamba ni neno jipya, na kwamba wazee wao walijua umimi tu. Umimi, kwake, ni kujipenda kupita kiasi. Hili jipya aliliona kama mazoea ya utulivu ya mtu kujitenga na watu wengi na kubaki na familia yake na rafiki zake, akiiacha jamii kubwa ijitafutie njia. Ukilitazama hivyo, hata ukoo unaweza kuwa mbinafsi. Mwenye cheo anayechota pesa za dawa za hospitali ili kuwajengea ndugu zake huonekana kwao mtu mkarimu sana.

Sasa nije kwako. Katika ugomvi wenu naona maswali mawili yamefungwa fundo moja. Swali la kwanza: nani mwenye mamlaka ya kuamua juu ya maisha yangu na mali yangu? Swali la pili: mamlaka hayo yakiwa yangu, niyatumie vipi, nimfikirie nani? La kwanza ni la haki. La pili ni la maadili. Baba mdogo anadhani kwa kuwa ni vyema umsaidie mtoto wa kaka yako, basi ukoo una haki juu ya kiwanja chako. Wenzako wa mtandaoni wanadhani kwa kuwa una haki ya kukataa, basi kukataa kwenyewe hakuna neno. Kosa ni lile lile, wamelishika kila mmoja kwa mwisho wake.

Wanafalsafa wengi wa upande huu walijishughulisha zaidi na swali la kwanza. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alisema kila mtu ni mmiliki wa mwili wake na kazi ya mikono yake. John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba jamii inaruhusiwa kumlazimisha mtu kwa sababu moja tu, kuzuia asiwadhuru wengine; faida yake mwenyewe haitoshi kuwa sababu. Robert Nozick, Mmarekani, mwaka 1974 alikifungua kitabu chake kwa kusema watu wana haki, na yapo mambo ambayo mtu yeyote au kundi lolote haliwezi kuwafanyia bila kuzivunja haki hizo.

Ayn Rand alikwenda mbali zaidi, akalijibu na swali la pili. Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905, na baada ya mapinduzi ya 1917 Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa huko, walichukua duka la dawa la baba yake. Mwaka 1926 alihamia Marekani, na huko akaandika mpaka alipofariki mwaka 1982. Ukijua habari ya lile duka utaelewa kwa nini alishtuka kila aliposikia mtu anaombwa kujitoa mhanga kwa ajili ya wote. Alilichagua neno ubinafsi kwa makusudi na kulitia katika jina la kitabu chake cha 1964, akalisifu kuwa fadhila. Alichosema hasa ni hiki: maisha yako si kuni za kuwapikia wengine, na maisha ya wengine si kuni za kukupikia wewe. Hiyo nusu ya pili wafuasi wake wengi wanaisahau. Afisa wa mpakani anayekwambia faili haliendi bila kitu kidogo hapati utetezi kwa Rand, kwa sababu anaishi kwa jasho la mwingine, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyemchukia kuliko wote.

Wala Rand hakukataza kusaidia. Alisema ukimsaidia unayempenda, unafanya hivyo kwa kuwa ana thamani kwako, na hilo halimo katika alichokikataa. Alichokikataa ni kuharibu kilicho kikubwa kwako kwa ajili ya kilicho kidogo kwako, tena kwa sababu tu umeambiwa ni wajibu. Kwa hiyo hata ndani ya mafundisho yake mwenyewe, kaka yako hawezi kuwekwa daraja moja na mpita njia.

Lakini sitakuficha, mimi simfuati Rand. Mtu anayemchora huanza hadithi akiwa mtu mzima, ana akili timamu na mikono yenye nguvu. Watoto ni adimu katika riwaya zake, na wazee wasiojiweza pia. Nani aliyembeba mgongoni? Nani alikaa macho usiku alipokuwa na malaria? Hapa Uganda alikuwepo mtu aliyelisema hilo kwa ukali kuliko wote, Okot p'Bitek wa Gulu. Alimpinga waziwazi mwanafalsafa Rousseau wa Geneva aliyedai mtu huzaliwa huru. Hapana, alisema Okot, mtu hazaliwi huru wala hawezi kuwa huru: anazaliwa akiwa mwana wa fulani, kisha anakuwa dada wa fulani, mke, shangazi, na minyororo hiyo ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtu. John Mbiti, aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 sentensi inayorudiwa Afrika nzima: nipo kwa kuwa tupo.

Napenda ukali wa Okot, lakini neno minyororo linanitia wasiwasi, kwa sababu mwenye kushika ncha ya mnyororo mara nyingi ni mtu fulani mwenye jina, na mwenye kufungwa mara nyingi ni binti. Ninayekubaliana naye zaidi ni Kwame Gyekye wa Ghana. Yeye alichukua methali ya Waakan: ukoo ni kama kundi la miti, ukiutazama kwa mbali unaona imeshikana, ukikaribia unaona kila mti umesimama peke yake. Pita msitu wa Mabira kwa basi, ukitoka Jinja kwenda Kampala, utayaona yote mawili kwa macho yako. Na wahenga wetu waliokuachia mkono mmoja haulei mwana ndio hao hao waliosema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sasa deni la kaka. Hapa ndipo pagumu, na hapa wenzako wamekudanganya kwa kurahisisha.

Nozick ana mfano wake mashuhuri. Majirani 364 wanaanzisha burudani ya vipaza sauti mtaani, kila mtu mzima anapewa siku yake ya kupiga muziki na kuongea. Wewe hukuombwa ridhaa, ila umesikiliza kwa siku 138, na nyingine umezifurahia. Siku yako ikifika, lazima uache shughuli zako ukaendeshe burudani? Nozick anasema la. Huwezi kumrushia mtu manufaa ambayo hakuyaomba kisha ukamdai. Mfano ni mzuri, na unamfaa kabisa baba mdogo, ambaye naona anakudai kwa kuwa ulikula kwake sikukuu mbili.

Kaka yako hakuwa kipaza sauti. Yeye aliacha shule yake ili wewe usome yako. Kila muhula ulipokwenda na karo mkononi, ile karo ilikuwa magoti yake, jua la saa saba kati ya mageti mawili, na abiria wenye mizigo ya magendo wanaoogopa askari. Ni kweli ulikuwa mtoto, hukusaini mkataba. Kwa hiyo si mkopo, hakuna mahakama itakayokudai. Lakini kusema si mkopo ni tofauti kabisa na kusema si kitu. Kuna deni linaloitwa shukrani, na mtu asiyelijua nisingependa awe jirani yangu, sembuse dada yangu.

Deni hilo lina tabia mbili ambazo ukoo umezisahau. Kwanza, linadaiwa na aliyetoa. Baba mdogo hakukanyaga pedali. Wazee walioketi na kupitisha azimio hawakukanyaga pedali. Hawawezi kuuchukua ukarimu wa kaka yako, wakaugeuza kuwa mali ya ukoo, kisha wakaupangia matumizi, harusi ikiwemo. Pili, ukilitoza kwa nguvu halipo tena. Shukrani iliyoamriwa kwa kura ni kodi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na ukiiangalia vizuri methali hiyo utaona imesema jambo ambalo Mill na Locke waliliandikia kurasa nyingi: pasipo hiari hakuna kutoa, kuna kutwaliwa.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa sababu hapo hakuna utata mwingi. Ibara ya 20 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema haki na uhuru wa msingi wa mtu ni vya asili, havitolewi na Serikali. Ukiisikia sauti ya Locke humo hujakosea. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, peke yake au pamoja na wengine. Ingekuwa ardhi ya ukoo mliyorithi, jibu langu lingebadilika, kwa kuwa umiliki wa kimila nao unatambuliwa na Ibara ya 237. Kiwanja ulichonunua kwa mshahara wako ni chako. Hakikisha hati ya mauziano ina jina lako peke yako, ina mashahidi, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa pale amesaini. Ibara ya 31 nayo inaweka haki na wajibu wa kulea watoto kwa wazazi wao. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, ndio ulioongeza sauti yetu katika mambo haya, kwa kuorodhesha wajibu wa mtu pamoja na haki zake. Ibara yake ya 29 inamtaka mtu ailinde na kuiheshimu familia yake, awaheshimu wazazi wake wakati wote, na awatunze wakiwa na shida. Kama mama yako yu hai na anahitaji, hapo sitakuwa na huruma na wewe.

Wajibu huo kwa familia ni mpana, lakini kiwanja cha dada na harusi ya binamu sikuviona.

Umeniuliza kuhusu dini, nami naliona ndilo lililokuumiza zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuvumilia kuitwa mchoyo, lakini kuambiwa umetoka katika imani kunalaza macho usiku.

Rand hakuamini Mungu, aliiona imani kuwa kujivua akili. Usimfuate hapo, na huna haja ya kumfuata. Falsafa hii haina dini moja. Locke alijenga haki za mtu juu ya Mungu: sisi ni kazi ya mikono ya Muumba, ndiyo maana hakuna mwenye ruhusa ya kumharibu mwenzake. Mwaka 1689 aliandika kwamba mtawala hawezi kumwokoa mtu kwa upanga, kwa sababu imani isiyotoka moyoni si imani. Kasoro yake ni kwamba aliwanyima uvumilivu huo huo wasioamini Mungu. Søren Kierkegaard wa Denmark, Mkristo aliyefariki 1855, alilia maisha yake yote kwamba umati hauingii peponi, kila mtu anasimama mbele ya Mungu akiwa mmoja.

Na wewe Mwislamu hilo hulijui? Qurani inarudia katika sura zaidi ya moja kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Katika Sura Maryam, kila mmoja atamjia Mola wake Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Sura ya pili inasema hapana kulazimishana katika dini. Na Sura ya nne, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mwambie baba mdogo aisome aya hiyo kwa sauti kikaoni. Uingereza ya Locke na Mill, mke aliyeolewa alingoja mpaka sheria ya 1882 ndipo mali yake ikawa yake kikamilifu. Mwanamke wa Kiislamu alikuwa nayo haki hiyo karne nyingi kabla. Anayesema kulinda ulichokichuma ni ukafiri hajaisoma dini yake vizuri.

Wala hapa Uganda dhamiri ya mtu mmoja mmoja si bidhaa iliyoletwa juzi kwa meli. Katika miaka ya 1870 Waislamu wa kwanza wa Buganda waliuawa Namugongo kwa amri ya Kabaka Mutesa I, kwa kuwa walikataa kula nyama ambayo hawakuiona halali, ijapokuwa imetoka jikoni kwa mfalme. Kati ya 1885 na 1887, chini ya Mwanga II, wakafuata Wakristo 45, Wakatoliki na Waanglikana, wengi wakichomwa moto pale pale tarehe 3 Juni 1886. Vijana wale walikuwa watumishi wa ikulu, miili yao, chakula chao na ndoto zao vilikuwa vya Kabaka. Walisema kuna kitu ndani yangu ambacho si chako. Ila tazama na upande wa pili: hawakufa wakiwa wapweke. Walifundishana, walitiana moyo njiani, walikwenda pamoja. Dhamiri ilikuwa ya kila mmoja, imani ilikuwa ya jamaa.

Lakini pana mahali Uislamu unaachana na Rand na Nozick kabisa, nawe usipajifiche. Qurani, Sura ya 70, inawasifu wale ambao katika mali yao kuna haki maalumu ya mwombaji na aliyenyimwa. Haki, binti yangu, si hisani. Zaka ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kukaa mwaka, na si suala la moyo kupenda. Wafuasi wa Rand hawawezi kulimeza hilo. Ajabu ni kwamba Locke angelimeza: aliandika kwamba aliye katika dhiki kuu, asiye na njia nyingine ya kuishi, ana haki katika ziada ya mwenzake. Wengi wanaomnukuu Locke siku hizi wanaufunika ukurasa huo.

Harusi si dhiki kuu. Karo ya chuo nayo si njaa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, nafaqa, yaani matunzo ya lazima kwa jamaa, inapanda kwa wazazi na kushuka kwa watoto. Kaka na watoto wake wanaingia katika kuunga udugu, na mlango huo una thawabu kubwa. Mwulize na sheikh wako kama moyo hautulii.

Ningekuwa wewe, kiwanja nisingeuza. Ningekwenda kwa kaka, nyumbani kwake, bila mzee yeyote, bila simu mkononi, na ningemwuliza swali ambalo nina hakika hakuna aliyemwuliza tangu baba afariki: wewe ulitaka kuwa nani? Kisha ningetaja mwenyewe kiasi ninachoweza kutoa kwa mtoto wake kila muhula bila kuivunja kesho yangu, nikakilipa moja kwa moja chuoni. Wewe ni shangazi yake. Kijana huyo atajua karo yake imetoka kwa nani na kwa nini. Ya harusi ningechanga kama wachangavyo wengine, nikanyamaza.

Na kile kikundi cha WhatsApp, usitoke. Mill aliogopa ukandamizaji wa majirani na maoni ya watu kuliko wa serikali, kwa sababu huo unaingia mpaka chumbani kwako na hauna mahakama ya rufaa. Kwa hiyo zima mlio, usijibu matusi, wala usiwatumie tena maneno ya Rand. Andika mara moja tu, kwa adabu, kwamba umezungumza na kaka na mmeelewana. Halafu endelea kuwapa pole wafiwa na kuwatakia heri waliojifungua, kama ulivyokuwa ukifanya.